Kadi Iliyozisikia Njuga

Sogea. Rudishia huo mlango. Uape kwanza kwamba hili halitoki humu ndani, maana hata mimi nilimwapia Ruthu, mkono juu ya Biblia, kwamba mdomo wangu umeshonwa. Umeapa? Haya. Uzi wenyewe ulikuwa mbovu.

Ni kule Nzuguni, nyumba za mwisho kabla hujaanza mashamba. Anakaa Josephine, mjane, na mjukuu wake Ruthu anayesoma chuo. Nyumba hiyo ilikuwa inatembelewa.

Jua likishazama, mbuzi wakishaingia zizini, njuga zilianza nyuma ya nyumba. Zile za kufunga miguuni wakati wa ngoma. Cha... cha... cha... Polepole, kama za mtu anayechechemea. Pamoja nazo ilikuja harufu ya nywele zilizoungua. Na ukoo ule una mwiko wao: wafu wakipita na njuga, aliye hai ageukie ukuta na kujifunika kichwa mpaka ziishe. Ukichungulia, unawafuata. Basi waligeuka wote, na majirani nao waligeuka. Asubuhi mbuzi mmoja hayupo, na majivu yamezungushwa duara mbele ya mlango wa Josephine.

Mlango wa Josephine tu.

Aliyeanza kulisema lile neno kwa sauti ni Methusela, mdogo wa marehemu mumewe. Mtu wa pikipiki, kucha safi, salamu nyingi. Alisema shemeji ndiye anayewaita wafu wale. Akaitisha kikao cha Jumapili baada ya ibada ili Josephine aondolewe kwenye kiwanja kile, arudi kwao Mvumi, ambako waliomjua wote wamelala makaburini. Na bibi mwenye macho mekundu ya moshi akishafukuzwa kwa jina la uchawi, nani atampokea? Najua ninachosema. Hata yangu ni mekundu.

Ruthu hakukubali. Aliazima kwa Denis, kijana wa bodaboda anayejirekodi safari zake, ile kamera ndogo ya kubandika kwenye kofia. Denis hakuwa na kadi ya ziada ya kuhifadhia picha, basi Ruthu akanunua moja mezani kwa machinga, imeandikwa namba kubwa kuliko zote. Akaifunga kamera kwenye nguzo ya zizi jioni, akarudi ndani kugeukia ukuta kama wenzake.

Alipofungua picha aliona zizi. Aliona mbuzi wanainua masikio kwa pamoja.

Cha...

Kisha weusi.

Alijaribu jioni nyingine. Palepale. Cha... halafu weusi.

Bibi yake alinong'ona kwamba huenda wale hawapigwi picha. Na hapo, mwenzangu, Ruthu akayatazama macho mekundu ya bibi yake, na kwa mara ya kwanza akasogeza mkeka wake mbali kidogo. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo.

Lakini alikwenda Nkuhungu, kwenye kiduka cha Abbasi anayeuza vifaa vya simu na maneno ya bure. Abbasi alipoiona ile kadi alicheka mpaka akashika meza. Akamwambia namba ya ujazo haina maana, hata yeye angeweza kuichapa pale uani kwake. Kamera za namna ile zinamwaga picha kwa kasi, na kadi dhaifu inapaliwa. Atafute yenye alama ya V na thelathini, inayovumilia joto. Akampa moja ndogo, haina hata rangi ya kuvutia.

"Na hii nayo usiiamini kwa sababu nimekupa mimi, dada," akasema. "Ijaze yote, kisha uitazame mpaka mwisho. Kadi feki inakubali kila unachoipa. Ukija kuiuliza, haikumbuki."

Ruthu akaijaza kuku, kwaya, bibi yake akipepeta mtama. Akaitazama yote. Ilikumbuka yote.

Ijumaa jioni akaifunga nguzoni. Njuga zikaja. Harufu ikaja. Ndani, chini ya kitenge kimoja, Josephine alikuwa amemshika mkono mjukuu wake, anamwomba Mungu ziondoke.

Ruthu akajua bibi yake siye anayeziita. Ila nani angemsadiki?

Jumapili sebule ilijaa ukoo na majirani. Maneno yakavutwa mpaka giza likaanza kuingia. Methusela alipofika pa kusema Mvumi, Ruthu aliomba radhi kwa wakubwa, akaunganisha kamera kwenye televisheni.

Zizi. Mbuzi. Masikio.

Cha... cha... cha...

Hukuwaona wewe! Watu wazima wote wakageukia ukuta, vitenge kichwani, makoti kichwani. Kutoka kwenye televisheni!

Wote isipokuwa mmoja. Methusela aliinuka kwa vidole vya miguu, akaifikia kamera, akaichomoa kadi.

Mkono mkavu ukamdaka kifundo cha mkono.

"Nimeutazama ukuta vya kutosha, shemeji," alisema Josephine. "Geukeni, jamani."

Wakageuka. Wakaiona kadi kwenye zile kucha safi. Ruthu akaitoa taratibu, akairudisha mahali pake, na picha ikaendelea: Methusela, njuga miguuni, mbuzi begani, kikopo cha majivu mkononi. Denis, anayejua wenye pikipiki huficha wapi vitu, alitoka nje, akainua kiti cha ile ya Methusela, akarudi na kitambaa. Akakifungua sakafuni katikati ya watu. Njuga zilikuwa humo, na kishungi cha manyoya yaliyoungua.

Ruthu akazima televisheni.

Cha...

Watu wakazitazama njuga sakafuni. Zilikuwa zimelala.

Cha... cha...

Ilitoka nyuma ya nyumba. Polepole, kama mtu anayechechemea.

Methusela alijaribu kuelekea ukutani, lakini Josephine hakumwachia mkono.

"Hizo si zangu," Methusela alinong'ona. "Shemeji, hizo si zangu..."

Na safari hii, mbele ya watu wote wale, hakuugeukia ukuta hata mmoja.