Siku Tano za Edgardo

Saa mbili kasorobo asubuhi geti la bustani ya michezo yenye kasri lilikuwa bado limefungwa, na watu walikwisha kujaa mpaka kwenye maegesho ya magari. Vigari vya watoto vinakanyagana, mafuta ya kujikinga na jua yananukia nazi, kila mtu na simu mkononi. Zuleyka Burgos alisimama katikati ya umati huo, amevaa gauni la njano na viatu vya wazi, vipya kabisa, anamsubiri shoga yake ambaye ndiyo kwanza amemtumia ujumbe kwamba haji.

"Dada, viatu hivyo vitakuua."

Akageuka. Akamwona kijana mrefu, fulana ya bluu imepigwa pasi, karatasi iliyofungwa ndani ya plastiki inaning'inia shingoni. Nyuma yake familia ya watu sita kutoka Iowa, wote wamevaa sare ya rangi ya machungwa, wanamfuata kama vifaranga.

"Na wewe nani, daktari wa miguu?"

"Daktari wa foleni. Umekuja kwa siku ngapi?"

"Moja. Leo tu, ndiyo sina kazi."

"Siku moja!" Akashika kichwa, akamwita mami, kama vijana wetu wanavyomwita msichana. "Mami, bustani ziko nne. Siku moja ni kunusa chungu cha jirani."

"Mimi nakaa hapa jirani, Kissimmee, kaka. Chungu hicho nakinusa kila siku."

Akacheka mpaka wale wa Iowa nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Geti lilipofunguliwa alimwambia, "Wote watakimbilia kulia. Wewe nenda kushoto." Zuleyka akaenda kushoto, na kweli akapita kama mke wa gavana. Jioni alimkuta getini anamsubiri na plasta za miguu mkononi.

Huyo ni Edgardo Feliciano, mwanangu wa pekee. Nayaandika haya mimi mama yake, Mirta, ili mama mwingine mwenye mtoto wa namna hii asinyamaze kama nilivyonyamaza.

Kazi ya Edgardo ilikuwa kuwapangia wageni siku zao. Wanampigia kutoka Ohio, Texas, mpaka Kanada, na wote swali lao moja: tukae siku ngapi? Atawajibu bila kufikiri. Kila bustani siku yake, siku ya kuwasili usiihesabu, saa tisa alasiri mvua ya radi itanyesha, jifiche. Na atawaambia siri ya tiketi, kwamba kila siku unayoongeza inakuwa rahisi kuliko ile ya kabla yake. Ndiyo maana watu huongeza na kuongeza mpaka miguu inavimba. Halafu siku walizonunua hawataki ipotee hata moja. Mimi nimetandika vitanda hotelini miaka kumi na tisa, nimewaona. Watu wazima wanalia kwenye ngazi siku ya sita, na ya saba bado wanakwenda.

Mwanangu akaanza kuishi vivyo hivyo. Hata mapenzi aliyapanga.

"Saa kumi na mbili na robo nakuchukua," anamwambia Zuleyka kwenye simu. "Saa moja kasoro tano tunakula. Saa mbili tunatembea ziwani."

"Na busu ni saa ngapi, bwana mkubwa?"

"Lipo. Dakika tatu, lisizidi. Nyuma yetu kuna foleni."

"Foleni ya nani?"

"Ya mabusu mengine, mami."

Zuleyka alicheka wakati ule. Yeye alikuwa msaidizi wa daktari wa meno, kutwa anasikia watu wanalia, akampenda mtu anayejua kesho kutakuwa na nini. Nami nilicheka. Mwanamume anayetimiza saa, nani hamtaki?

Miezi minane ikapita. Ilipofika Juni wazazi wa Zuleyka wakasema wanakuja kutoka Allentown, Pennsylvania, wamjue huyo kijana. Baba, Mzee Wilfredo, ni mtu mkali, fundi mabomba aliyestaafu, anaongea kidogo na kutazama sana. Mama, Bi Carmín, mcheshi lakini haendi kinyume na mumewe. Edgardo akapanga siku tano. Bustani nne, na ya tano kurudia ile ya kasri. Tulale wote hoteli ya jirani na geti, kwa sababu wageni wa hoteli huingia nusu saa kabla ya wengine. Wanaume chumba kimoja, wanawake chumba kingine, ili mzee asione vibaya. Na siku ya nne, saa kumi na moja na dakika kumi, mbele ya kasri, mpiga picha amekwisha kuagizwa, atapiga goti na pete. Alinionyesha jedwali lake, limepakwa rangi kama zulia.

"Pumziko liko wapi hapa?" nikamwuliza.

"Watapumzika kwenye ndege, mama."

Kitu ambacho Edgardo hakukijua ni hiki. Siku nne kabla ya wazazi kufika, Zuleyka alipima, akajiona ana mimba. Hakumwambia mtu. Alitaka Edgardo ajue wa kwanza, peke yao, kabla baba yake hajagundua. Alikuwa anataka dakika tano tu za kukaa naye mahali pamoja bila mtu mwingine. Na anaogopa, maana mimba yake ya kwanza, miaka mitatu nyuma kabla hajamjua mwanangu, ilitoka.

Siku ya kwanza alimvuta mkono wakati wengine wanakula kuku.

"Njoo huku kidogo. Nina neno."

"Neno linaweza kusubiri dakika arobaini? Zamu yetu kwenye mashua inaanza sasa hivi."

"Edgardo."

"Mami, nakuomba. Mzee ananitazama. Nikikosea saa ya kwanza ataniona mtu gani?"

Akasubiri dakika arobaini, zikageuka saa tisa nzima.

Siku ya pili ndiyo bustani ya treni zile zinazopanda juu kuliko mnazi na kuporomoka. Jua kali, lami inanata kwenye soli. Mlangoni pa kila treni kuna kibao kinachokataza wenye maradhi ya moyo, wenye mgongo mbovu, na wajawazito. Kwenye treni ya kwanza Zuleyka akasema kofia yake itaruka. Ya pili, tumbo halijatulia. Ya tatu, atashika mikoba. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nilimwona anakisoma kile kibao, mkono uko chini ya kitovu. Na asubuhi yake alikuwa amesukuma kikombe cha kahawa mbali, yeye anayeipenda kahawa kama mimi. Nilijua. Mwanamke aliyezaa anajua. Nikasema moyoni, si langu hili, watasemezana wenyewe.

Edgardo akaona anaaibishwa.

"Nafasi tatu zimepotea," akasema, amejilazimisha kutabasamu kwa sababu Mzee Wilfredo yuko karibu. "Unajua nimezipata vipi?"

"Panda na baba. Mimi nitakaa hapa."

"Tangu jana umekunja uso. Hutaki wazazi wako wanipende?"

"Nataka ukae hapa na mimi kwenye hili benchi. Basi."

"Kwenye benchi! Watu wametoka Pennsylvania kuja kukaa kwenye benchi?"

"Wewe unanipenda mimi au unaipenda hiyo karatasi?"

"Karatasi hailalamiki," akasema.

Alidhani ni mzaha. Zuleyka akaenda kukaa benchi peke yake. Mvua ya saa tisa ikaja kama alivyosema, tukajazana chini ya paa la duka la soseji, maji yanatiririka, ngurumo zinapiga, na wale wawili wamesimama mmoja huku mmoja kule kama watu wasiojuana. Usingizi wa siku ile Zuleyka aliupata kwa shida, mama yake akadhani ni joto.

Sasa nifike siku ya tatu. Kwenye bustani zile, nafasi za foleni fupi hufunguliwa saa moja kamili asubuhi, kwenye simu. Unatakiwa uwe ndani ya ukurasa kabla, kidole tayari, kwa sababu maelfu wanangoja nawe. Ukitoka kwenye ukurasa umerudi mwisho. Edgardo alikuwa kwenye ukumbi wa chini ambako mtandao una nguvu, anawapigania watu watano. Mimi nimekaa kando yake na kahawa yangu; Bi Carmín ametoka kununua mikate, Zuleyka yuko chumbani peke yake.

Saa moja kasoro dakika tatu, simu yake ikaita. Nikaliona jina. Zule, na moyo mwekundu.

Akakata.

Ikaita tena. Akakata tena. "Anataka kuuliza avae nini," akaniambia, macho hayatoki kwenye kioo cha simu.

Mara ya tatu nilifungua mdomo. Niliona mkono wangu unakwenda kwake. Kisha nikaona uso wake ulivyokaza, nikakumbuka pete ya kesho, nikafikiri wataanza kugombana tena mbele ya watu. Nikanywa kahawa. Ya nne akaikata bila hata kuitazama.

Saa moja na dakika ishirini aliruka kitini. "Zote, mama! Nimepata zote!" Akampigia Zuleyka, sauti imejaa asali. "Mami, amka, nimekushindia dunia!"

Aliyepokea ni Mzee Wilfredo.

"Binti yangu anatoka damu," akasema. "Tuko kwenye teksi, tumetokea mlango wa nyuma. Amekupigia mara nne. Amenipigia mimi mara moja."

Na simu ikakatwa.

Hospitalini hawakumruhusu kuingia mpaka adhuhuri. Bi Carmín alitoka na macho mekundu, akasema moyo wa mtoto bado unadunda, lakini daktari hatoi ahadi, alale miguu juu. Edgardo alikuwa amesimama ukutani na karatasi ile bado shingoni. Alipoitwa akaivua, akaikunja, asijue aiweke wapi.

Zuleyka alikuwa na shuka mpaka kidevuni.

"Sikujua," Edgardo akasema. "Naapa sikujua."

"Ungejua saa ngapi? Nionyeshe kwenye ratiba yako. Ni wapi palipoandikwa, hapa Zuleyka atasema?"

"Ungenipigia kelele. Ungenipiga kofi."

"Nilikwambia nina neno. Mwanamke mzima, Edgardo, nipige kelele ili unisikie kama muuza maji?"

Akapiga magoti kando ya kitanda. Pete alikuwa nayo mfukoni, maana hakuthubutu kuiacha hotelini. Akaitoa. "Ilikuwa kesho. Mbele ya kasri. Kila kitu nilikuwa nafanya—"

"Usiniulize." Machozi yakamtoka. "Usiniulize hapa. Nilipokuwa sakafuni chooni, nilichowaza ni kwamba simu inaita na wewe upo. Haikuzimwa. Unaiona. Unakata."

Akairudisha pete mfukoni.

Baada ya siku nane daktari aliruhusu asafiri, na wazazi wakamchukua. Uwanja wa ndege Mzee Wilfredo alimpa mwanangu mkono, kwa adabu, kama unavyompa mkono mtu wa mazishi. Zuleyka, kwenye kiti cha magurudumu, alimtazama mpaka walipopinda kona. Hakupunga.

Wiki zile Edgardo alipiga simu kila siku. Zuleyka anapokea, wanasikilizana wanavyopumua.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Yeye je?"

"Yupo."

Basi. Wateja wakimpigia kumwuliza siku ngapi, anawaambia hajui. Wakamwacha mmoja mmoja.

Nami nikashindwa kulala na langu. Nikampigia Zuleyka. "Mwanangu, nilikuwa kando yake. Niliona jina lako. Na habari ya mimba nilikwisha kuihisi tangu jana yake."

Nikasikia anafunga mlango wa chumba.

"Najua ulikuwepo, Bi Mirta," akasema. "Edgardo aliniambia ulikuwa naye. Nilikuwa nasubiri kama utasema."

"Nisamehe."

"Nitajaribu. Leo siwezi."

Mwisho wa mwezi wa saba Edgardo aliuza gari, akaenda Allentown. Akapata kazi ya kupanga maboksi kwenye ghala, akapanga chumba mtaa wa tatu kutoka kwa akina Zuleyka. Mzee Wilfredo hakumfukuza, ila hakumwingiza ndani. Kiti cha barazani, mwisho hapo. Kila akitoka kazini anakaa kile kiti. Kuna siku Zuleyka anatoka, kuna siku hatoki. Asipotoka, Edgardo anakaa mpaka taa ya chumba chake izimwe, anakwenda zake. Mwezi wa nane. Mwezi wa tisa. Tumbo likaonekana. Hatari imepita, wakasema madaktari.

Siku moja ya Oktoba, majani yamegeuka rangi, Zuleyka alitoka na sufuria la ndizi mbichi, sweta ya baba yake imembana tumboni. Akamwekea miguuni na kisu.

"Menya. Mama anapika pasteles."

Akamenya. Pasteles zetu ni ndizi za kusaga, zinatiwa nyama na kufungwa majani. Utomvu ukamnata vidoleni, ukawa mweusi. Zuleyka akakaa kando yake, akamenya nusu ya pili. Ndizi zilipokaribia kwisha Zuleyka akasema, hajainua macho:

"Tuoane Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Hii. Leo Jumatatu. Kesho tunakwenda kuandikisha, wanasema ni siku tatu kusubiri."

"Lakini hatuja—" Akafunga mdomo. Akaona anatazamwa. "Ijumaa," akasema.

"Sina gauni linalonienea."

"Nami sina viatu."

"Na sijakusamehe yote."

"Najua."

"Ukiona bado nimenuna siku ya harusi usinishikeshike."

"Nitakaa pale utakaponiweka."

Ndipo akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu lile benchi, na Mzee Wilfredo ambaye alikuwa nyuma ya wavu wa mlango muda wote akasema, "Ingieni ndani, baridi hiyo."

Mimi sikuitwa. Nilipigiwa simu Ijumaa saa nane mchana, mambo yamekwisha, wako kwenye ngazi za mahakama. Edgardo alilia, mimi nikalia. Kisha akampa mkewe simu.

"Bi Mirta, mjukuu wako anapiga teke."

"Mungu amlinde. Nije lini, mwanangu?"

Nikasikia upepo, na magari yanapita.

"Akizaliwa," akasema. "Njoo akizaliwa."

Nimekwisha kununua koti la baridi. Nimelitundika mlangoni, naliona kila nikitoka kwenda kazini. Wewe mama mwenzangu, mtoto wako akikata simu ya mtu anayempenda nawe umekaa kando yake, mwagia kahawa hiyo simu. Atakukasirikia. Mwache akukasirikie.