Kaburi Chini ya Mkrismasi

Kila siku alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kelele zake, Malini alikuwa ameshafagia uwanja, ameshachota maji kisimani na ameshabandika chai ya bibi yake. Hapo ndipo alipopata dakika kumi za peke yake. Aliingia chumbani, akafunga mlango kwa komeo, akavuta kutoka uvunguni kibakuli kidogo cha shaba, akatia maji na ua moja jeupe. Kisha alikaa sakafuni, akafumba macho na kuhesabu pumzi zake kimyakimya, moja hadi kumi, halafu tena moja. Akimaliza alifanya ishara ya msalaba, akaficha kibakuli chake na kuvaa sare za shule.

Kuhesabu pumzi alifundishwa na mama yake. Ishara ya msalaba alifundishwa na baba yake, Egidius, Mndamba wa Ifakara, bwana shamba aliyekwenda Sri Lanka kusomea kilimo cha mpunga, akarudi na cheti na mke. Mke huyo, Nayana, alikuwa Mbudha. Waliishi Morogoro. Nayana alikubali binti yake abatizwe, na kila Jumapili alimsuka nywele na kumsindikiza mpaka mlango wa kanisa, kisha akarudi nyumbani kuwasha taa yake ndogo mbele ya sanamu ya Budha. Nyumba ile ilikuwa na dini mbili, na ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya wingi wa pilipili kwenye mchuzi.

Miaka miwili iliyopita Nayana aliugua, akafariki. Mwaka huu baba akahamishiwa Mbarali kikazi, na Malini akaletwa Ifakara kwa Bibi Klementina. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili.

Tuseme kweli, mtoto huyu alikuwa mpweke. Wiki ile ya kwanza alisahau kufunga komeo, mtoto wa jirani akachungulia dirishani, na hadi mchana darasa la sita zima lilikuwa na habari kwamba Malini anaongea na mizimu kwenye bakuli. Habari za namna hiyo hazihitaji nauli. Tangu siku hiyo, wakati wa mapumziko, alikula andazi lake peke yake nyuma ya darasa la nne, akiangalia sisimizi wakibeba makombo. Sisimizi angalau walikuwa wengi.

Mwezi Oktoba, Malini alikuwa kwenye mafundisho ya Kipaimara kila Jumamosi. Siku moja katekista, Mwalimu Alphonce, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi, alisimama mbele yao.

"Tarehe mbili Novemba ni siku ya marehemu wote," alisema. "Wale ambao wazazi wao wamelala hapa makaburini, mtasafisha makaburi yao mapema. Siku yenyewe tutapita sote, kaburi hadi kaburi, tuwaimbie na kuwawashia mshumaa."

Walipotoka nje, msichana aitwaye Devota alimkaribia Malini. Devota alifiwa na baba yake mwaka jana. Hawakuwahi kuongea hata siku moja.

"Malini, eti na wewe mama yako alifariki?"

"Ndiyo."

"Pole. Kazikwa wapi?"

Malini alijua jibu. Kwa desturi ya dini ya mama yake, mwili wake ulichomwa kwa heshima, na majivu yakapelekwa mtoni, pale Kivukoni, kama alivyoomba mwenyewe. Lakini Malini alijua pia kwamba kila majirani walipouliza, Bibi Klementina aligeuza mazungumzo haraka, akaanza kulalamikia bei ya mchele. Mtoto akaelewa kwamba jambo hilo ni la aibu. Akafikiria darasa zima litakavyolitafuna jambo hilo. Vipi kama na Mwalimu Alphonce angesikia, akalifuta jina lake kwenye orodha ya Kipaimara?

"Hapo hapo makaburini," alisema. "Chini ya ule mti wa mkrismasi."

Devota akatabasamu. "Kumbe! Baba yangu yuko upande huo huo. Basi ni majirani!" Na akamshika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza mtoto mwenzake kumshika mkono tangu afike Ifakara, na Malini alijisikia raha kiasi kwamba alisahau kuogopa.

Uongo ukishasemwa unataka kulishwa. Jioni ile ile Malini alikwenda makaburini na jembe. Chini ya mkrismasi, ambao ulikuwa unaanza kuchanua maua yake mekundu, alikuta kaburi lisilo na mwenyewe, au ndivyo alivyojiambia. Msalaba wake wa mti ulishaliwa na mchwa, jina halikuonekana, na majani yalikuwa yamefika magotini. Alilima, akang'oa visiki, akapanga mawe meupe pembeni na kupanda maua. Kwa wiki mbili alikwenda na Devota karibu kila siku. Walimwagia maji maua, wakacheka, wakapeana siri. Wakati mwingine, akiwa amepiga magoti pale, Malini alijikuta anamwambia mtu asiyemjua habari zote ambazo angependa kumwambia mama yake.

Tarehe mbili ikafika. Jua lilikuwa kali, na moshi wa mashamba yanayochomwa kabla ya mvua ulitanda upande wa mtoni. Watoto walipita na Mwalimu Alphonce kaburi hadi kaburi, wakafika chini ya mkrismasi na kuanza kuimba. Malini aliwasha mshumaa.

Hapo akatokea mzee mmoja na jembe begani, mshumaa mkononi, shati lake limelowa jasho. Alisimama, akalitazama kaburi, akautazama mti, kisha akatazama huku na huku kama mtu aliyepotea njia.

"Shikamoo, babu," watoto walisalimia.

"Marahaba, wajukuu zangu. Naitwa Nikodemu, natoka Idete. Namtafuta mke wangu. Miaka mitatu miguu ilinikatalia, sikuja. Nilijua yuko chini ya mkrismasi, kaburi lenye majani mengi."

"Hili ni la mama yake Malini, babu," Devota alijibu kwa adabu. "Sisi wenyewe tumelisafisha."

"Aa, samahanini. Basi nimechanganya mti. Uzee huu!"

Mzee akaenda. Malini alimfuata kwa macho huku wenzake wakiendelea kuimba. Mzee Nikodemu alikwenda kwenye mti wa pili, akainama kusoma misalaba, akarudi, akazunguka ukuta, akasimama tena. Kisha akakaa chini mahali penye udongo mtupu, pasipo na kaburi lolote, akachomeka mshumaa wake pale.

"Bernadetha," Malini alimsikia akisema, "nimeshindwa kukupata. Nakuwashia hapa hapa, utauona mwenyewe."

Malini angeweza kunyamaza. Wimbo ungekwisha, mzee angerudi zake Idete, na Devota angeendelea kumshika mkono. Lakini mzee yule alikuwa anafuta machozi kwa mkono wenye udongo, na mke wake alikuwa hatua ishirini tu kutoka pale.

"Babu!" alipiga kelele. Wimbo ukakatika. "Babu, rudi! Ni hili! Kaburi ni la mkeo. Mama yangu hayupo hapa. Nilidanganya."

Devota akamgeukia. "Sasa mama yako yuko wapi?"

"Alikuwa Mbudha. Alichomwa kwa desturi yao. Majivu yake yako mtoni."

Minong'ono ikaanza. Mtoto mmoja akaguna, mwingine akacheka kwa woga. Devota hakucheka, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alirudi nyuma, macho yamemjaa maji, akasema, "Wiki mbili nzima nimemwambia baba yangu kwamba ana jirani, mama yako. Kumbe!" Akaondoka mbio. Malini naye akaondoka, kwa njia nyingine, peke yake kama alivyokuja mjini pale.

Siku mbili hakula vizuri. Alfajiri alikaa mbele ya kibakuli chake, lakini hesabu zilimpotea kabla hajafika tatu. Alijaribu kusali, akashindwa kuvuka maneno ya kwanza. Alijiona amefukuzwa kotekote, kwa mama na kanisani, na hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo.

Siku ya tatu, alasiri, mtu alibisha hodi. "Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele amina," Bibi Klementina aliitikia. Alikuwa Mwalimu Alphonce, na nyuma yake, akichechemea, Mzee Nikodemu.

Malini alisalimia kwa sauti ndogo, kisha hakusubiri. "Mwalimu, umeshafuta jina langu?"

"Kwa kosa lipi?"

"Kwa sababu ya mama. Na mimi kila asubuhi nakaa kimya mbele ya ua, kama alivyonifundisha."

"Ukikaa kimya unafanya nini?"

"Nahesabu pumzi. Mama alisema ua litanyauka na sisi tutaondoka, kwa hiyo tusipoteze siku kwa hasira. Nikimaliza, nasali Baba Yetu."

Mwalimu Alphonce alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Sitakudanganya, binti yangu. Dini hizi mbili si kitu kimoja. Mama yako alishika njia yake, na wewe unataka kumfuata Kristo. Hilo lazima ulijue na ulichague mwenyewe. Lakini kunyamaza? Padri hutuomba tunyamaze baada ya komunyo, na sisi tunakohoa tu. Laiti ungetufundisha." Bibi alicheka bila kutaka. "Halafu kwenye misa tunawaombea marehemu ambao imani yao Mungu peke yake anaijua. Nimeyasikia maneno hayo miaka thelathini bila kujua yanamhusu nani. Sasa najua yanamhusu Nayana."

Malini alishusha pumzi aliyokuwa ameibana siku tatu.

"Usifurahi mapema, sijamaliza," katekista alisema, uso umekaza. "Mama yako alikufundisha nini kuhusu uongo?"

"Kila mwezi mpevu alikuwa anakariri ahadi tano. Kutoua, kutoiba... na moja ni kutosema uongo."

"Na mimi nimekufundisha nini?"

"Amri ya nane," Malini alijibu akiinamisha kichwa.

"Umeona? Ulidhani dini za wazazi wako zitagombana ndani yako. Zote mbili zilikuwa zinakukemea kwa jambo lile lile, ukaziba masikio. Si mama yako aliyekutenga na wenzako, wala si kanisa. Ni uongo."

"Na mimi nina sehemu yangu," Bibi Klementina alisema ghafla. "Siku ile mtoni nilikuwepo. Nililia, nikasali rozari yangu nzima. Lakini wakiniuliza watu, nahamia kwenye bei ya mchele. Mtoto kajifunza aibu kwangu. Nisamehe, mjukuu wangu."

Mzee Nikodemu alikohoa. "Mimi sikuja kudai. Nimekuja kushukuru. Miaka mitatu hakuna aliyeng'oa hata jani moja pale. Wewe umelima, umepanda maua, umemwashia mshumaa. Kazi yako ilikuwa ya kweli, maneno ndiyo yalikuwa ya uongo. Miguu hii haitanileta kila mara. Nakuomba uendelee kumtunza. Ila sasa ukifika, mwite kwa jina lake. Anaitwa Bernadetha."

Malini alilia, na safari hii hakulia peke yake, kwa sababu bibi yake alimkumbatia.

Jumapili baada ya misa walipanda bajaji hadi Kivukoni, Bibi Klementina, Mzee Nikodemu, Mwalimu Alphonce na Malini, kibakuli cha shaba mapajani. Waliteremka ukingoni, pale pantoni ilipokuwa ikifika zamani, sasa magari yanapita juu kwenye daraja. Wavuvi walikuwa wanavuta mitumbwi yao. Malini alikumbuka maneno ya mama yake, kwamba mto huu unakwenda baharini, na bahari inafika hadi kwao. Alikuwa anatia ua ndani ya kibakuli aliposikia miguu ikikimbia nyuma yake.

Alikuwa Devota, kasikia kanisani wanakokwenda, kaja kwa baiskeli, vumbi hadi kwenye nyusi, mkononi ana shada la maua mekundu ya mkrismasi.

"Bado nina hasira," Devota alisema akihema. "Ulinidanganya."

"Najua. Nisamehe."

"Usirudie." Akasogea, akasimama karibu naye. "Nimemweleza baba kwamba jirani yake ni Bibi Bernadetha. Sasa nimekuja kumsalimia mama yako. Namsalimiaje?"

Malini alifikiri kidogo. "Kaa kimya kwanza. Hesabu pumzi hadi kumi. Halafu tutasali."

Wote watano wakanyamaza, hata Mwalimu Alphonce hakukohoa. Kisha wakasali Baba Yetu kwa sauti, na Malini akaliachia ua lake majini. Likazunguka mara moja, likashika njia ya mkondo.

"Angalia, Malini," Mwalimu Alphonce alisema taratibu. "Aliyetangulia mwachie Mungu, yeye anamjua. Wewe uliyebaki sema kweli, hata ukitetemeka. Ukijificha, atakayekupenda atakuwa anampenda mtu mwingine, na wewe utabaki mpweke hata ukishikwa mkono."

Devota aliushika mkono wa Malini. Wakasimama hivyo wakilitazama ua mpaka lilipopita chini ya daraja.