Kurasa Arobaini za "Mimi ni Mwongo"

"Umenidanganya nini?"

Fundi friji alisimama mlangoni, daftari mkononi. Mchumba wake ndiyo kwanza alikuwa ametoka hotelini, alikopiga pasi mashuka tangu asubuhi. Miguu imevimba, hata viatu hajavua.

"Umelitoa wapi hilo?"

"Chini ya godoro. Si ulinituma nigeuze godoro? Kurasa arobaini, 'Mimi ni mwongo, mimi ni mwongo!' Mtu mzima na akili zake, siku nne kabla ya harusi! Kuna mwanaume mwingine?"

Angekuwa na nguvu angecheka. Mwanaume gani, jamani, na mashuka mia mbili kwa siku?

"Hakuna mwanaume."

"Basi huo uongo ni upi? Niambie, au hii harusi tuiache."

Akajitupa kitandani. Kuchoka huku hakukuwa kwa leo.

"Mshauri wa kliniki aliniambia niandike yaliyonipata utotoni. Eti kifua kitapungua uzito. Lakini kila nikishika kalamu, mkono unaandika hilo hilo."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na miaka tisa. Nilichelewa kurudi nyumbani, shangazi akaniunguza na pasi. Nikamwambia mwalimu. Shangazi alipoitwa akalia mbele ya watu, akasema huyu mtoto ni mwongo, amemshinda. Wakamwamini. Tulipofika nyumbani akanipa daftari, niandike hivyo mpaka lijae. Likijaa, lingine. Miaka mitatu."

"Shangazi yupi?"

"Kwani ninao wangapi?"

Fundi akashika kichwa. Ni yule yule ambaye hata yeye Fundi alikuwa akimwita "mama", aliyewekewa kiti meza kuu ya harusi Jumamosi.

"Na hilo kovu la mkononi? Uliniambia ni pasi ya hotelini."

"Tangu tujuane nimekudanganya hilo moja tu."

Fundi akanyamaza. Mchumba akaogopa kweli kweli, maana hata mwalimu alinyamaza hivyo hivyo kabla ya kumrudisha kwa shangazi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniamini? Wewe unayempigia kila Jumapili, 'mama umeamkaje'?"

Hilo lilimchoma. Akapiga magoti, akaanza kumfungua kamba za viatu.

"Nakuamini," alisema. "Na nisamehe, nimekuvaa kama polisi."

Mchumba akalia, makamasi yakamtoka, hakujali. Alipomaliza akachukua simu, akamwandikia shangazi:

"Jumamosi usije. Uliniunguza na pasi nikiwa na miaka tisa."

Jibu halikukawia:

"Umeanza tena uongo wako? Ngoja nimwambie mwenzako."

Mara simu ya Fundi ikaita. Akaweka spika.

"Mwanangu, huyo usimsikilize. Tangu mdogo..."

"Yuko hapa, shangazi. Mwambie mwenyewe."

Mchumba akaisogelea simu.

"Nilisema kweli, shangazi. Hata siku ile kwa mwalimu nilisema kweli. Usije."

"Na watu wakiuliza aliyekulea yuko wapi?"

"Nitawajibu."

Akakata simu, akalala na nguo za kazi.

Kesho yake aliandika ukurasa mzima kuhusu ile pasi, na lile neno "mwongo" halikutokea hata mara moja. Mkono ulimuuma, akapumzika, akaandika mwingine.

Jumamosi watu waliuliza, wangeacha?

"Shangazi yako mbona simwoni?"

"Alinitesa. Nimemwambia asije."

Wengine walijifanya wanatafuta soda. Wengine walimtazama bwana harusi, naye akatikisa kichwa kukubali. Jirani wa zamani wa kwa shangazi, mama mtu mzima, akamvuta bibi harusi pembeni, macho yamelowa.

"Mwanangu, tulikuwa tunakusikia ukilia."

"Najua, mama. Nilijua mnanisikia."

Akamwacha pale, akaenda kukaa na mumewe.