Kahawa ya Kazi ya Nella

Kila siku Rania akitoka shule alikuwa anapita nyumbani kuvua yunifomu, anakula haraka haraka, halafu anakwenda dukani kwao kupika kahawa. Duka lilikuwa mtaa wa Bwiza, la vitenge na mashuka, la familia tangu wazee wao walipotoka Omani kuja kufanya biashara Bujumbura. Kumimina kahawa ilikuwa kazi ya mtoto wa nyumba, na mtoto wa nyumba, mwenye miaka kumi na miwili na mdomo mrefu kidogo, alikuwa yeye.

Sasa hii kahawa muielewe vizuri, maana hadithi yote imekaa humo. Babu yake Obeid, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kalamu. Akitaka kumpa mtu kazi, anamkalisha kwenye mkeka nyuma ya duka, anamwekea halua, anamwambia masharti kwa sauti: kazi ni hii, mshahara ni huu, mapumziko ni haya. Mtoto anasimama na dele, lile birika la shaba, anamimina kwenye finjani. Mgeni anakunywa, anauliza, anajibiwa, anamiminiwa tena. Akiridhika na maneno anatikisa ile finjani mkononi, maana yake basi, nimekubali. Hapo ndiyo mtoto anaruhusiwa kuweka dele chini. Kwa hiyo mtoto anasikia yote, toka mwanzo mpaka mwisho. Babu alikuwa hataki hata umwambie habari ya kushika simu na dele pamoja.

Basi Obeid akafa, na duka likaingia mkononi mwa mwanawe Bader, ami yake Rania. Bader hakuwa mtu mbaya tangu tumboni, apana. Lakini biashara ilikuwa imekaza, mafuta ya gari yanakosekana, mzigo unachelewa njiani, na mtu akibanwa hivyo huwa anatafuta wa kumbana na yeye.

Akampata Nella. Nella alikuwa ndiye muuzaji wa duka, mama kijana wa hapo hapo Bwiza, mkali kwa wateja wadanganyifu na mkali hata kwa Rania. Alikuwa amezaa kwa kupasuliwa, mtoto wa kike, na kidonda bado kibichi. Bader akamtumia neno: arudi kazini, au atafute kwingine.

Nella akaja na mtoto mgongoni, anatembea kama mtu anayevuka matope. Hata kiti hakukaa. Akamwambia Bader kwamba yeye yuko kwenye konje, likizo ya uzazi, na mzee alimuahidi tangu siku ya kuanza kazi kwamba atalipwa akiwa nyumbani.

"Kontra iko wapi?" Bader akamuuliza, yaani mkataba ulioandikwa. "Nionyeshe."

"Mzee alinipa kwa mudomo, hapa hapa kwenye mukeka. Muulize Rania. Yeye ndiye alikuwa anamimina."

Wote wakageuka kumwangalia Rania. Na Rania alikumbuka. Alikumbuka hata harufu ya iliki siku ile. Nella alikuwa ameuliza bila aibu, "Na nikizaa?" Na babu akajibu, "Ukizaa, utakaa na mutoto wako miezi mitatu kama binti zangu wanavyokaa. Mushahara utakufuata nyumbani, na kazi itakungoja. Ukiugua, ni vile vile."

Lakini Bader alikuwa amekaza macho. Tena kulikuwa na jambo lingine, dogo, la kitoto. Nella alikuwa amemsemea kwa bibi yake, kwamba badala ya kwenda chuoni kusoma Kurani, Rania anakaa na wenzake wanakula chipsi. Bibi akamnyang'anya simu. Hasira ile ilikuwa bado inachemka.

"Mi sikumbuki," Rania akasema.

Nella akacheka, lakini si kicheko cha kufurahi. "We mutoto unajua bei ya kila kitenge humu ndani. Hicho tu ndicho kimekutoka."

Akashusha mtoto, akaanza kazi, maana nyumbani walikuwa wanamtegemea yeye.

Siku zile duka liligeuka kama nyumba yenye mgonjwa na ugomvi kwa pamoja. Mtoto wa Nella alilala ndani ya katoni, juu ya vipande vya kitambaa. Bader alinuna mtoto akilia, alinuna mtoto akinyonyeshwa, akasema duka lake si wodi. Nella naye hakumjibu ila kwa mgongo. Rania alipompelekea kahawa, Nella aligeuza finjani juu chini mbele yake, haitaki, wateja wanaona. Rania akasema moyoni, na anune, mi inanihusu nini. Lakini kila akilala alisikia sauti ya babu yake ikisema yale maneno, pole pole, kama mtu anayemfundisha.

Halafu siku moja mteja akataka kitenge cha rafu ya juu. Bader akamwambia Nella apande ngazi. Nella akapanda, akavuta robota zito la vitenge, na pale pale akajikunja, akateremka amejishika tumbo. Damu ilikuwa imepita kwenye nguo. Kidonda kilikuwa kimefunguka.

Wakamkimbiza hospitali kwa teksi, mtoto analia nyuma. Epiphanie, mama anayeuza ndagala pale mlangoni, aliacha samaki wake akaja kusimama mbele ya Bader.

"Mke wako alipozaa ulimukataza hata kuinua sufuria," akamwambia. "Arobaini nzima anapikiwa supu. Huyu unamupandisha ngazi."

"Kwani mi nilimusukuma?" Bader akajibu. "Uza ndagala zako."

Watu wakasimama barabarani wanamzomea, naye akashusha mlango wa chuma nusu. Rania alifuta damu kwenye ngazi kwa kitambaa. Hakuna aliyemtuma. Alifuta mpaka pakakauka, na bado akawa anafuta.

Nella hakufa, Mungu alisaidia, lakini daktari alikataza kabisa asiinue kitu. Bader akasema basi, ameacha kazi mwenyewe. Akamuita binti mmoja wa mtaa wa Buyenzi, anaitwa Amira, ameolewa juzi juzi. Akamkalisha kwenye mkeka, akaweka halua, akamuita Rania alete dele, kama mambo yako sawa.

Rania akasimama, akamimina. Bader akataja kazi, akataja mshahara. Amira akanywa, akauliza kwa upole, "Na nikizaa, bosi?"

"Hayo tutaongea wakati wake, inshallah," Bader akasema.

Finjani ilikuwa bado haijatikiswa. Rania akaweka dele chini.

"Mbona umeweka?"

Mdomo ule mrefu wa Rania safari hii ulimsaidia. "Ami, babu alimuambia dada Nella atakaa na mutoto wake miezi mitatu, na mushahara utamufuata nyumbani, na kazi itamungoja. Hata akiugua. Mi nilisikia yote. Nilidanganya kwa sababu nilikuwa namuchukia, na wewe nakuogopa."

"Nyamaza."

"Nilinyamaza, akapasuka."

Bader akainuka na mkono juu. Amira naye akaweka finjani chini, imejaa, hakuitikisa. Akajifunga mtandio. "Mi nikubali maneno ya leo," akasema, "kesho mutoto mwingine asahau?" Akatoka, na Epiphanie pale mlangoni akampisha kwa heshima kubwa.

"Shusha mukono, Bader." Huyo alikuwa bibi Moza, mjane wa Obeid, ametoka uani na tasbihi yake. Bader akaanza kueleza: biashara mbaya, mzigo umekwama, nani anaweza kulipa mtu aliyelala. Bibi akamuacha amalize.

"Siku ile sikuwa kwenye mukeka, ndiyo maana nilinyamaza," akasema. "Sasa aliyekuwepo amesema. Biashara mbaya hata baba yako aliijua, na maneno yake hakuyameza. Rania, osha dele. Tunakwenda hospitali."

Wakaenda, watatu, Bader mbele amenuna kama amemeza jiwe, Rania nyuma na dele la kahawa na finjani. Nella alikuwa amelala na mtoto ubavuni, na alipowaona akageukia ukuta. Bibi akamwambia Bader aseme. Akasema masharti yote kwa sauti, wagonjwa wa vitanda vya jirani wanasikia. Rania anamimina.

"Rudia hapo kwa mushahara," Nella akamwambia.

Akarudia.

"Na nikiugua kama hivi?"

Akasema na hilo, jasho linamtoka. Nella alikunywa taratibu, akataka amiminiwe tena, akamrudisha Bader mwanzo. Dele lilikuwa zito, mkono wa Rania ukauma, lakini hakulishusha. Mwishowe Nella akatikisa finjani.

"Na kontra iandikwe pia," bibi Moza akasema. "Masikio ya nyumba yangu yameshatuaibisha." Halafu akamgeukia mwanawe. "Konje si zawadi ya tajiri, Bader. Mama huyu ameifanyia kazi, kama alivyoufanyia kazi mushahara." Akamshika Rania bega. "Na wewe, ulifikiri unamukomoa Nella. Ule ukweli ulikuwa mali yake, wewe ulishikishwa tu. Mali ya mutu huirudishi kwa sababu munapendana. Unairudisha kwa sababu ni yake."

Rania akamuomba Nella msamaha. Nella hakumkumbatia, hakutabasamu. Akasogea kidogo kitandani, akaacha nafasi ya mtu kukaa.

"Nishikie mutoto," akasema. "Mi nimekatazwa kuinua."