Alamu Iliyopiga Hodi

Gari la mwalimu lilikuwa limefikia umri wa kuoa, na lilikuwa na kiburi cha umri huo. Likitaka kuwaka linawaka, likinuna, mnabembelezana. Lakini kila Jumatatu na Alhamisi lilimfikisha mke wa mwalimu hospitali kabla ya saa moja asubuhi, kwenye mashine ya kusafisha damu, maana figo zake zilikuwa zimekwisha. Daktari hakupindisha maneno: akikosa zamu mbili mfululizo, wajiandae.

Jumapili mchana, wakiwa mezani, alamu ya gari ikalia uani. Haikupiga ule ukelele wake wa kuudhi majirani. Ililia mara tatu, taratibu, ikanyamaza. Ikalia tena mara tatu.

"Hilo nalo linabisha hodi," mke akacheka.

"Karibu!" mwalimu akaitikia kwa sauti, mdomo umejaa.

Ikanyamaza kabisa.

Jumatatu gari likagoma. Ile taa nyekundu ya kidude cha kuzuia wezi iliganda kwenye dashibodi, na ufunguo ukawa unazungushwa bure. Walipopata teksi na kufika, zamu ilikuwa imeshapewa mgonjwa mwingine. Kufikia jioni miguu ya mke ilikuwa imevimba, ukiibonyeza kwa kidole inaacha shimo. Mwalimu aliogopa sana, wala hakuona haya.

Fundi umeme alikuja Jumanne. Akalala chali chini ya usukani na tochi yake, akipiga mluzi. Mluzi ukakatika.

"Mwalimu, hii alamu aliing'oa nani?"

"Haijang'olewa. Juzi tu imelia."

Fundi akammulikia. Nyaya zilikuwa zimekatwa siku nyingi, ncha zimeliwa na kutu, na mahali pa kasha lenyewe palikuwa patupu. "Imelia kwa kutumia nini?"

Mwalimu akamsimulia yote, pamoja na utani wake.

"Ukaitikia?" Fundi alishusha sauti. "Alamu kazi yake kumfukuza mtu, mwalimu wangu. Kilichokuwa kinaomba kuingia hakikuwa alamu. Na mwenye gari ni wewe."

"Basi kitoe."

"Mimi nimtoe mgeni wa mtu?" Alikuwa ameshaanza kukusanya plaizi zake. "Na tafadhali usiniambie nigeuke nitazame kiti cha nyuma."

Alhamisi mwalimu alikuwa ameagiza teksi mapema. Haikutokea. Saa kumi na mbili na nusu gari likawaka lenyewe uani, likaunguruma kama limetoka kiwandani jana. Alijua fika hapaswi kuligusa. Lakini mkewe alikuwa anahema kwa shida, na saa zilikuwa zinakwenda.

Akamkalisha kibarazani, akakimbilia kufungua geti, na aliporudi akamkuta ameshakaa kiti cha mbele, amejifunika shuka hadi usoni, naye kwa haraka aliyokuwa nayo hakujiuliza mtu aliyeshindwa hata kusimama amefikaje pale, akaendesha tu, harufu ya kutu na nyaya zilizoungua ikimkaba koo, simu ikilia na kulia mfukoni bila yeye kuthubutu kuachia usukani, huku aliye pembeni yake hakohoi, hahemi, hasemi lolote.

Nesi akafungua mlango wa gari. "Mama, leo umewahi! Tena unatembea mwenyewe!" Akamshika mkono, wakaingia ndani.

Simu ikalia tena. Mwalimu akapokea.

"Mume wangu," ilikuwa sauti ya mkewe, nyembamba, "mbona umeniacha kibarazani?"

Alipofika wodini kitanda kilikuwa na mtu, shuka limefunika uso, na kilichokuwa kinapanda kwenye mrija kilikuwa cheusi tititi.

"Dada, huyo si mke wangu," alinong'ona. "Nakuomba, mtoe kwenye mashine."

"Baba, tulia, umechoka." Nesi alimwonyesha faili kwa upole. "Jina lake hili, sahihi yake hii ameweka sasa hivi. Zamu yake ya leo ndiyo hii. Nyingine ni Jumatatu."

Aliyelala kitandani akageukia ukutani, akajivuta vizuri kama mtu aliyefika kwake.

"Unakuja?" mke aliuliza kwenye simu, akivuta pumzi katikati ya neno.

"Nakuja, mke wangu," mwalimu akajibu, na machozi yakamtoka, maana hata akimleta, zamu yenye jina lake ilikuwa imeshachukuliwa, na hii ilikuwa ya pili mfululizo.