Nukta Nne za Mwanga Mmoja

Kila siku baada ya masomo, Lenzi alipitia kwenye karakana ya mama yake kabla ya kwenda nyumbani. Mama alikuwa fundi miwani. Alikaa nyuma ya meza ndefu akisaga kingo za lenzi, yaani vioo vya miwani, kwa mashine, na kazi ya Lenzi ilikuwa kupangusa miwani iliyokamilika kwa kitambaa laini. Ndiyo maana wenzake wa darasa la saba walimpa jina hilo la utani, naye hakulichukia.

Siku moja glasi ya kunywea yenye mguu mrefu ilivunjika jikoni. Mama alikisaga kitako chake kisimkate mtu, akampa bintiye. Lenzi alikiweka juu ya nukta aliyoichora kwenye karatasi, akaduwaa. Nukta iligeuka pete! Alipokiinamisha kidogo, pete ilikatika ikawa nukta nne.

"Mama, njoo uone! Ni kama ile picha ya kitabu cha sayansi!"

Picha hiyo ilipigwa na darubini inayoelea angani, juu kabisa ya mawingu. Ilionyesha nukta nne za mwanga kandokando ya galaksi moja. Kitabu kilieleza kuwa zote nne ni kitu kimoja tu: kwasari, yaani kiini cha galaksi ya mbali mno, king'aacho kuliko nyota zote za galaksi yake. Galaksi iliyokaa katikati ya njia ni nzito kiasi kwamba uvutano wake huupinda mwanga huo, nao hutufikia kwa njia nne.

Lenzi alimwonyesha jirani yake wa dawati, msichana aliyeitwa Shangazi kwa sababu alimshauri kila mtu, walimu wakiwemo. Akamwazima kile kitako pamoja na michoro aliyoichora ya pete na nukta nne. Kesho yake Lenzi alishikwa na homa, akalala siku tatu.

Aliporudi, michoro yake ilikuwa imebandikwa ubaoni ikiwa na jina la Shangazi peke yake. Tena mwalimu alikwisha kumteua Shangazi aieleze Ijumaa, mbele ya mtaalamu wa anga kutoka chuo kikuu. Akieleza vizuri, angealikwa chuoni kuona picha za darubini ile.

"Hiyo ni kazi yangu," Lenzi alimwambia.

"Hukuwepo. Mwalimu alitaka mtu, nikajitokeza. Ulitaka nifanyeje?"

"Utaje jina langu!"

"Haya, usinune. Nitakuletea salamu za chuo kikuu."

Lenzi aliuma meno. Angeweza kwenda kwa mwalimu wakati uleule, lakini aliona hiyo ni adhabu ndogo. Alitaka Shangazi aaibike mbele ya watu, aibu ya kukumbukwa mpaka uzeeni. Siku mbili alikula na hasira hiyo, akaamka nayo, akaitunza.

Nafasi ilikuja yenyewe. Alhamisi, Shangazi alimfuata bombani alipokuwa akijaza chupa yake ya maji. Kitabu hakuwa amekisoma, na mgeni alikuwa anakuja kesho yake.

"Mwenzangu, nisaidie. Mgeni akiniuliza hizi nukta nne ni nini, nimjibuje?"

Lenzi alitabasamu, tabasamu tamu kama asali. "Ni nyota nne tofauti. Zinaizunguka ile galaksi. Akikubishia, usikubali. Shikilia hapohapo."

"Asante, rafiki yangu!"

Ijumaa darasa lilijaa. Mgeni alikuwa mama mfupi mchangamfu. Alisikiliza, kisha akauliza, "Nyota nne? Una hakika?"

"Hakika kabisa," Shangazi alijibu kwa madaha. "Asiyekubali akasome upya."

Darasa zima likaangua kicheko. Mgeni hakucheka. Alieleza taratibu kwamba mwanga wa nukta moja ukipungua au ukizidi, baada ya siku kadhaa nyingine hufanya vilevile, kisha nyingine, kwa kuwa ni mwanga wa kitu kimoja uliopita njia zenye urefu tofauti. Machozi yalimlengalenga Shangazi. Lenzi aliyaona, akasikia raha mpaka vidoleni. Akasimama ammalize kabisa.

"Ni kwasari moja, galaksi imeupinda mwanga wake! Kazi hii ni yangu, huyu ameiiba!"

"Na aliyeniambia ni nyota nne ni nani?" Shangazi alilia. "Si wewe, jana, pale bombani?"

Mwalimu alimgeukia Lenzi. "Ni kweli?"

Lenzi aliinamisha kichwa. "Ni kweli, mwalimu."

Mgeni alivuta kiti, akaketi. "Wanangu, darubini ile sijawahi kuigusa. Picha na vipimo naletewa na watu nisiowajua hata kwa sura, nami nawaamini. Mmoja akijitwalia kazi ya mwenzake, au akitoa jibu la uongo kwa makusudi, sote tunapotea. Leo sitamwalika mtu."

Jumatatu, kwa agizo la mwalimu, wale wawili walisimama mbele ya darasa, kila mmoja akasema alichokifanya. Kisha waliiandika kazi upya pamoja. Mwanzoni walinuniana, wakapeana rula bila kutazamana. Siku ya tatu Shangazi alianza kushauri jinsi ya kushika penseli, na Lenzi akajikuta anacheka. Kazi ilikwenda chuoni ikiwa na majina mawili, na barua ya msamaha. Jibu lilikuja baada ya wiki: waje wote wawili.

Mwalimu alipompa Lenzi barua hiyo, msichana hakuondoka.

"Mwalimu, nilifurahi Shangazi alipolia."

"Najua. Furaha hiyo ilidumu kwa muda gani?"

Lenzi alifikiri. "Mpaka alipolitaja bomba."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. "Shangazi alikukosea, na haki ilikuwa yako. Neno moja tu kwangu lingetosha, ningeandika jina lako siku ileile. Lakini ulipochagua kulipiza kwa uongo, uliibwaga haki yako mwenyewe, ukabaki huna cha kudai. Ukionewa, sema ukweli, tena useme mapema."