Nyumba Sita za Juu

Kila jioni, akishaosha vyombo, Sabina wa darasa la sita alikimbilia uwanjani kutazama mazoezi ya ngoma. Tamasha la siku mbili la mtaa wao wa Kiseke lilikuwa linakaribia. Siku hizo mbili barabara ingefungwa na magari yazungushwe njia ya nyuma, na wakazi walinung'unika: mgonjwa atapita wapi?

Mwenyekiti wa mtaa, Mama Wilhelmina, aliwasikia. Akawapa wanafunzi karatasi, wapite nyumba kwa nyumba waandike nani ana mgonjwa au mjamzito, ili upande wake uachiwe njia. Sabina alipangiwa kilima cha mawe. Alipofika katikati ya kilima akasikia ngoma zimeanza. Nyumba sita za juu akaziandikia "hakuna", kwa mwandiko wake mzuri, akashuka mbio.

Jumamosi mchana, bajaji ya Chenge, mkazi wa zile nyumba za juu, ilikwama chini ya kilima hicho. Mbele mahema ya mama lishe yalifika mpaka ukutani, nyuma mawe matupu. Ndani mkewe, Modesta, alikuwa ameshika chuma cha bajaji kwa mikono miwili. Uchungu ulikuwa umemwanza.

"Hakuna aliyekuja kutuuliza," Chenge alisema.

Mgambo aliyelinda kamba ya kufunga barabara akamwonyesha karatasi. Imeandikwa hakuna, akasema, kwa hiyo Chenge na mkewe walipoulizwa walinyamaza. Watu wakamtazama Chenge kama mwongo.

Sabina alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, amebanwa na umati. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, mtaa mzima utamjua. Modesta akaguna kwa maumivu, na Sabina akajipenyeza mpaka jukwaani alipokaa Mama Wilhelmina.

"Shikamoo, mwenyekiti. Ile karatasi ya kilima ni ya uongo. Sikufika juu. Nimeandika mimi mwenyewe."

Mama Wilhelmina hakuitikia. Alichukua kipaza sauti, ngoma zikanyamaza. Wachezaji wakaweka chini majembe yao ya kuchezea ngoma, wakabeba masufuria ya moto na nguzo za mahema, na bajaji ikapita ikikwaruza ukuta. Sabina alisimama pale pale akilia kwa aibu. Ile shikamoo isiyoitikiwa ilimuuma kuliko fimbo.

Jumapili asubuhi, kabla tamasha halijaendelea, habari zilikuwa zimeshafika: Modesta amejifungua salama, mtoto wa kike. Sabina akaenda ofisi ya mtaa, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Jana tulifunga barabara kwa kuamini mwandiko wako," Mama Wilhelmina alisema. "Ukitumwa kuuliza, fika uulize, hata kama kuna mlima. Usipofika, sema hukufika. Ulisema kweli jana, na nimeiona. Lakini ulingoja mpaka mtu akakaribia kuzalia barabarani."

Kisha akamsogezea karatasi mpya na peni.

"Marahaba, mwanangu. Anza na nyumba ya juu kabisa."

Sabina akaanza kupanda.